Kwa mnaoanza kuua spora kwa plazma baridi

Wadogo zangu, karibuni maabara. Hapa tunaua spora, yaani bakteria waliolala ndani ya ganda gumu, kwa plazma baridi, yaani gesi iliyopitishiwa umeme bila kuwa ya moto. Nimeikuta tena mezani grafu ile ile ya spora zinazobaki hai kadiri muda unavyokwenda: mstari unaporomoka dakika ya kwanza, halafu unalala. Na tayari kuna anayetaka kupandisha volteji. Mashine msiiguse kwanza.

1. Hakikisheni mna spora kweli. Bakteria wetu, Bacillus subtilis, isiyokomaa vizuri bado ina seli za kawaida tele, na hizo plazma inazimaliza upesi mno, mkafurahia ushindi usiokuwepo. Pasheni sampuli nyuzi 80 kwa dakika 10, kisha mzitazame kwenye hadubini ya utofautishaji wa awamu (phase contrast): spora inang'aa, seli ya kawaida ni nyeusi.

2. Tone. Hapa ndipo miezi ya watu inapoishia. Mtu anadondosha mikrolita 10 zenye spora milioni kumi juu ya kioo, anaacha likauke, anakiingiza chini ya elektrodi. Hebu kiinamishe kioo hicho kwenye mwanga: ukingoni kuna duara jeupe, katikati karibu patupu. Maji yakikauka huzisukuma spora pembeni, zikarundikana tabaka juu ya tabaka. Mionzi ya urujuanimno inayovunja DNA haipenyi mbali, na oksijeni atomu inakula ganda taratibu kuanzia nje. Za juu zinazikinga za chini kama mwembe unavyomkinga aliyelala kivulini. Ule mporomoko wa kwanza ni spora za juu. Ule mstari uliolala ni za chini, zinasubiri zamu.

Kuna mwenzenu mmoja, mchapakazi hasa, aliyehangaika na mstari huo muhula mzima. Akapandisha volteji, akatoka kwenye hewa akaenda kwenye gesi ya argoni, akarefusha muda mpaka kioo kikawa hakishikiki. Hapo joto nalo limeshaingia kwenye hesabu, na hakuna anayeweza kusema ni plazma peke yake iliyoua. Daftari zima likawekwa kando. Iliniuma sana, maana dawa ilikuwa ndogo: apunguze spora, azioshe mabaki ya chakula zilimooteshwa, azitikise mpaka zitengane, azinyunyize kama ukungu badala ya kuzidondosha. Na atazame kioo kwenye hadubini kabla ya kuwasha chochote!

3. Andikeni unyevu wa hewa kila siku. Mvuke wa maji unabadilisha radikali, zile chembe kali za kikemia, zinazozaliwa ndani ya plazma.

4. Kontroli, yaani sampuli ya kulinganishia, ipitishiwe gesi ile ile, muda ule ule, umeme umezimwa.

5. Msihesabu koloni saa 24 mkafunga kazi. Spora iliyojeruhiwa huchelewa kuamka, kwa hiyo sahani zikae inkubeta siku tatu. Na sahani tupu si sifuri. Ukipanda mikrolita 100 kutoka kwenye mililita 10, koloni moja tu ingekuwa na maana ya spora 100. Ulianza na milioni moja? Basi umeonyesha logi 4, yaani spora zimepungua mara 10,000 tu. Anayetaka kudai logi 6 achuje mililita zote 10, akilaze kichujio chenyewe juu ya agari, ndipo ahesabu.