Thatcher kwa mtoto wa kiume: maana yake na ushauri wangu

Hongera kwa ujauzito, mdogo wangu. Umeuliza kama jina Thatcher linafaa kwa mtoto mnayemtarajia hapo Chamwino, maana baba yake amelipenda na wewe una wasiwasi.

Maana yake ni nzuri kabisa: mwezekaji, fundi wa kuezeka nyumba kwa nyasi. Kwa Waingereza lilianza kuwa jina la ukoo lililotokana na kazi, sawa na Smith, yaani mhunzi. Kumpa mtoto liwe jina lake la kwanza ni jambo adimu. Hapa kwetu wengi wanalijua kwa Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza kuanzia 1979 hadi 1990, naye alilipata kwa mumewe. Kwa hiyo wapo watakaodhani mmepata binti.

Kinachonigusa ni hiki. Nyumba yetu ya asili Ugogo ni tembe, paa bapa la miti lililoshindiliwa udongo. Marehemu babu yangu, mvua zikikaribia, alipanda juu na karai la udongo, akaziba nyufa moja moja na kuzikanyaga taratibu kwa nyayo. Naye alikuwa mwezekaji. Msimulie mwanao hayo.

Shida naiona kwenye tahajia. Mwandikie karani jina kwa herufi kubwa, na ukague cheti cha kuzaliwa kabla hujaondoka dirishani. Jina la pili mpe la babu yake, ili bibi naye apate la kumwita bila kujikwaa.