Baba yako na ndege yake ya uani

Mwanangu,

Uliniuliza kwa simu, tena kwa hasira, kwa nini nimemwacha baba yako ajaze ua mbao za ndege isiyoruka. Nilicheka tu kwa kuwa alikuwa amekaa karibu. Sasa amelala.

Nilikuwa upande wako mpaka aliponiomba nimshonee.

Anaunda ile ndege ya kwanza ya injini, ya ndugu wawili Wilbur na Orville Wright, kwa kipimo chake kamili, iliyoruka Kitty Hawk, Marekani, tarehe 17 Desemba 1903. Mara ya kwanza ilikaa hewani sekunde 12. Wale ndugu walikuwa mafundi baiskeli kama yeye, ndiyo maana haambiliki. Mapangaboi mawili ya ndege hiyo yanazungushwa kwa cheni, na cheni moja imepindwa umbo la nane ili pangaboi lake lizunguke kinyume cha lenzake. Hilo kanieleza mara sita.

Mabawa ni mawili, moja juu ya jingine, yanafika mita 12 ncha hadi ncha, na kila moja linavikwa kitambaa juu na chini. Wenyewe walitumia kitambaa cha pamba cha kushonea nguo za ndani za wanawake. Mimi nimetumia marekani. Vipande vya kwanza nilikata wima kama shuka, bawa likawa linayumba kama kitanda cha kamba kilicholegea. Kumbe wao walikata mshazari! Miaka yote hii nakata mshazari ili sketi ivutike, wao wakautumia ili bawa lisivutike. Nyuzi zikipita pembe kwa pembe juu ya mbao, kitambaa chenyewe kinashika kiunzi. Nikafumua vyote, usiku, bila kuambiwa.

Tena upande wa kulia wa mabawa umezidi wa kushoto kwa sentimita 10 hivi. Nikamwambia amekosea kupima. Hakukosea: injini ilikaa kulia kwa rubani na ilikuwa nzito kumzidi, basi upande ule ukaongezwa.

Injini hatuweki, kwa hiyo usikose usingizi. Ya kwao ilikuwa na nguvu farasi 12 tu, kama bodaboda, na bado ndege iliwasumbua kuiongoza. Baba yako atafunga gogo mahali pake. Fedha za bati la jiko zipo, nimezificha mimi.

Bado bawa la chini. Ukija likizo niletee uzi mzito wa pamba, wa hapa unakatika. Na usimwambie kwamba uliuliza.

Mama yako