Maswali ya Wasomaji: Akaunti Hurejeshwa, Haiandikwi Upya

Barua za toleo hili zinahusu saraka za utambulisho za mtandaoni: ile orodha ya akaunti, makundi na ruhusa ambayo kila mfanyakazi huipitia kabla hajafungua hata barua pepe moja. Wengi bado wanaijua ile ya Microsoft kwa jina la Azure Active Directory. Tangu 2023 inaitwa Microsoft Entra ID.

Assalaam aleikum. Natunza mifumo ya kampuni ya wakala wa forodha hapa Changamwe. Jana asubuhi mwenzangu aliendesha skripti (orodha ya amri zinazojiendesha) ya kuondoa akaunti za waliostaafu katika Entra ID, lakini faili lake lilikuwa na safu iliyosogea, zikafutika akaunti 64 za watu walio kazini. Makontena yanangoja hati bandarini. Nimeanza kuwafungulia watu akaunti mpya kwa majina yale yale, nimeshafika 9. Je, niendelee?

Waaleikum salaam, ndugu. Simama hapo hapo, usifungue ya 10.

Akaunti unayoiona kwa jina la mtu, mfumo hauijui kwa jina. Unaijua kwa namba yake, mfuatano wa herufi na tarakimu 36 pamoja na vistari, ambao hutolewa mara moja akaunti inapozaliwa. Ruhusa za mafaili, uanachama wa makundi, vyeo vya usimamizi na sanduku la barua vyote vimefungwa kwenye namba hiyo. Ukifungua akaunti mpya kwa jina la zamani unapata namba nyingine, na hakuna amri ya kuilazimisha ichukue ile ya kwanza. Mtu ataingia, atajiona yeye, lakini mafaili yake yatamkana.

Bahati nzuri ni kwamba hazijapotea. Akaunti iliyofutwa hukaa siku 30 katika orodha ya watumiaji waliofutwa, na ikirudishwa kutoka hapo hurudi na namba yake, makundi yake na leseni zake. Ingia lango la usimamizi la Entra, fungua ukurasa wa watumiaji, kisha wa waliofutwa. Rejesha 2 kwanza. Waambie wenyewe waingie, wafungue barua na folda moja ya pamoja. Sanduku la barua huweza kuchelewa kuunganika, kwa hiyo usikate tamaa dakika ya tano. Zikikaa sawa, rejesha zilizobaki kwa mkupuo, ama hapo hapo langoni ama kwa amri ya Restore-MgDirectoryDeletedItem ukiipa namba ya kila akaunti. Cheo cha msimamizi wa watumiaji kinatosha kwa wafanyakazi wa kawaida. Kama kati ya hao 64 yumo mwenye cheo cha juu cha usimamizi, atahitaji kurejeshwa na mwenye mamlaka makubwa zaidi.

Zile 9 ndizo zenye kazi. Akaunti mpya zimeshakalia majina ya kuingilia na anwani za barua, kwa hiyo za zamani zitagongana nazo. Kwa kila moja, hamisha kwanza barua zilizoingia tangu jana, vua leseni ya akaunti mpya ili ibaki moja ya kumpa mwenyewe, ibadilishe jina la kuingilia uongeze neno kama "muda" mwishoni, ondoa anwani ya zamani, ndipo urejeshe ya awali. Usizifute akaunti mpya kabla ya kumaliza. Ukizifuta sasa zitalala kwenye orodha ile ile ya waliofutwa, na utakuta mistari miwili yenye jina moja la mtu, usijue ipi ni ipi. Ikiwa umeshafanya hivyo, angalia tarehe na saa ya kufutwa: unayoitaka ni ya mapema. Ukiisoma orodha kwa amri badala ya lango, jina la kuingilia utalikuta limebandikwa mbele herufi na tarakimu 32. Hiyo ni namba ya akaunti bila vistari, na ndivyo mfumo unavyoliachia jina lipate kutumika tena.

Na skripti ile muiwekee breki: ihesabu kwanza, na ikikuta zaidi ya akaunti 5 za kufutwa isimame iulize.

Hoteli yetu, Bamburi, huwaachia wafanyakazi wa msimu kila Aprili na kuwaita tena Julai. Tunafuta akaunti zao ili tusilipie leseni, lakini wakirudi hatuzikuti popote. Siku 30 zinaongezwaje?

Haziongezwi, dada. Zikipita, akaunti imekwenda, na hata Microsoft wenyewe hawakurudishii.

Msizifute. Kinachowagharimu ni leseni, si akaunti. Zuieni kuingia, katisheni vikao vilivyo wazi (bila hivyo simu iliyokwisha kuingia huendelea kusoma barua kwa saa moja hivi), kisha vueni leseni. Julai mtafungua kuingia na kurudisha leseni, na mpishi atakuta makundi yake yale yale. Angalizo moja: sanduku la barua lililovuliwa leseni nalo hufutwa baada ya siku 30. Kama barua za mtu zina maana kwenu, kwa mfano za mapokezi au za manunuzi, ligeuzeni kuwa sanduku la pamoja kabla ya kuvua leseni. Sanduku la pamoja halihitaji leseni likiwa halizidi GB 50.

Chuoni kwetu Tudor tunatoa nakala rudufu ya Entra ID kila usiku kwa mafaili ya JSON (maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome). Mwezi wa pili sasa umepita tangu mtu afute makundi ya usalama 30 na akaunti za walimu wa muda. Mafaili tunayo. Tunaanzia wapi?

Kwanza hongereni kwa kuwa nayo, maana wengi huchanganya orodha ya waliofutwa na nakala rudufu. Orodha ile haina msaada mtu akibadilisha tu kitu bila kukifuta. Akiandika idara isiyo sahihi kwa watu 200, hakuna cha kurejesha humo. Thamani ya zamani mtaikuta kwenye nakala yenu, au kwenye kumbukumbu za ukaguzi, ambazo bila leseni ya kulipia hukaa siku 7 tu na kwa leseni ya P1 au P2 siku 30.

Sasa kwenu siku 30 zimepita, kwa hiyo hakuna kurejesha kwa maana halisi. Mtajenga upya mkifuata ramani, na kila mtakachojenga kitapata namba mpya. Kwa hiyo kazi yenyewe hasa ni jedwali la safu mbili: namba ya zamani kushoto, namba mpya kulia. Lianzeni kabla ya chochote. Kila mnapounda akaunti au kundi, andikeni mstari wake papo hapo. Bila jedwali hilo mafaili ya JSON ni kama daftari la namba za simu ambazo zote zimeshabadilishwa.

Anzeni na akaunti za watu, na sifa zake zote: idara, cheo, mahali. Uhusiano wa mtu na msimamizi wake uacheni kwa mzunguko wa pili, kwa kuwa huwezi kumwelekeza mtu kwa bosi ambaye hajaundwa. Paswadi hazimo kwenye nakala na haziwezi kuwamo, kwani mfumo hauzitoi. Vivyo hivyo uthibitisho wa hatua mbili: simu ya mwalimu itabidi isajiliwe upya. Mpeni kila mmoja pasi ya kuingilia ya muda. Kwa kawaida hudumu saa 1, nanyi mnaweza kuiweka kati ya dakika 10 na siku 30. Mpeni ana kwa ana, si kwa kundi la WhatsApp la idara.

Baada ya watu, makundi, yakiwa matupu kwanza. Kundi lililomo ndani ya kundi jingine litawavuruga mkiingiza wanachama mapema. Angalieni kwenye faili kama kundi lilikuwa na alama ya kuruhusiwa kupewa cheo cha usimamizi. Alama hiyo huwekwa wakati wa kuunda tu, haiongezwi baadaye, na mkiisahau mtalifuta kundi na kuanza tena. Kisha jazeni wanachama mkitafsiri kila namba kupitia jedwali. Ombi moja hupokea wanachama 20, na mkituma kwa pupa mfumo utawajibu kwa kosa la 429 pamoja na idadi ya sekunde za kungoja. Skripti na iziheshimu hizo sekunde, isipige tena papo hapo. Makundi yanayojijaza yenyewe kwa kanuni msiyaingizie mtu. Rudisheni kanuni tu, na kama sifa za watu ziko sahihi yatajaa yenyewe.

Hapa ndipo pa kukaa nalo kwa makini: namba ya kundi lililofutwa bado imeandikwa mahali pengine. Chukueni sera za masharti ya kuingia. Tuseme sera iliwadai walimu wa muda uthibitisho wa hatua mbili kupitia kundi lililofutwa. Sera bado ipo, ina alama ya kijani, lakini haimgusi mtu, na miezi miwili hii walioingizwa kwa njia nyingine wamekuwa wakiingia bila kuulizwa. Kinyume chake, kama kundi lilikuwa la wanaosamehewa, waliosamehewa sasa wamebanwa. Fungueni kila faili la sera, mtafute kila namba iliyo upande wa kushoto wa jedwali lenu, mbadilishe. Fanyeni hivyo pia kwa programu zilizogawiwa makundi, ruhusa za SharePoint (hifadhi ya pamoja ya mafaili) na vyeo vya Azure (huduma za wingu za Microsoft). Sera mliyoirudisha iwekeni kwanza katika hali ya kuripoti tu, msome kumbukumbu za kuingia kwa siku kadhaa, ndipo muiwashe. Na akaunti 2 za dharura, zile za msimamizi kuingilia wengine wote wakifungiwa nje, zisiguswe na sera yoyote ile. Wapo waliojifungia nje kwa kuiwasha sera saa kumi jioni ya Ijumaa.

Programu zilizosajiliwa zikijengwa upya zinahitaji siri mpya, yaani paswadi ya programu yenyewe. Siri huonekana mara moja tu inapoundwa, na hakuna nakala inayoibeba.

Sisi akaunti zetu zinatoka kwenye seva ya ofisini na kupanda mtandaoni zenyewe. Wafanyakazi 40 wametoweka mtandaoni. Turejeshe huko huko?

La. Rejesheni chanzo. Kwanza zuieni mzunguko wa usawazishaji, yaani wa kupandisha akaunti mtandaoni, ambao kwa kawaida hupita kila dakika 30, kwa amri ya Set-ADSyncScheduler -SyncCycleEnabled $false. Kisha tazameni kwenye seva kama watu hao wamefutwa kweli. Mara nyingi hawajafutwa. Mtu amehamisha folda yao kwenda sehemu isiyosawazishwa, na kwa upande wa mtandaoni kuhama huko ni sawa na kufutwa. Irudisheni folda mahali pake, washeni mzunguko, na ndani ya zile siku 30 akaunti zitarudi na namba zao. Kama wamefutwa kweli, pipa la taka la Active Directory (saraka ya kwenye seva yenu) huwatunza siku 180 kwa kawaida, mradi liliwashwa kabla ya tukio. Msiwaunde upya kwa mkono, kwani kamba inayounganisha pande mbili hutengenezwa kutokana na namba ya seva, na ya mtu mpya haitalingana.

Kuna kinga ya kufuta kwa bahati mbaya katika usawazishaji, lakini husimamisha kazi pale tu za kufutwa zinapozidi 500 kwa mkupuo. Kwa ofisi ya, tuseme, watu 120 ni kama haipo. Ishusheni hadi 10: Enable-ADSyncExportDeletionThreshold -DeletionThreshold 10.

Na sisi wa Google Workspace?

Akaunti iliyofutwa hurejesheka ndani ya siku 20, si 30. Wenye Okta, huduma nyingine ya utambulisho, wakumbuke kwamba mtu aliyesitishwa anaweza kuamshwa, ila akishafutwa hakuna kurudi.

Nakala rudufu tuiweke wapi? Kwa sasa iko kwenye OneDrive (hifadhi ya mafaili ya Microsoft mtandaoni) ya msimamizi.

Ndugu, iondoeni leo. Anayeiteka akaunti ya msimamizi atafuta saraka na nakala kwa mkono mmoja. Iwekeni nje ya mfumo huo kabisa, kwa paswadi isiyotegemea Entra, ikiwa imefungwa kwa usimbaji, na angalau moja kwenye diski isiyounganishwa na mtandao. Faili hilo lina majina, namba za simu na vyeo vya watu, kwa hiyo linaangukia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019. Likiangukia mikononi mwa asiyehusika, na kukawa na hatari ya kweli kwa wenye taarifa hizo, Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu mlipojua.

Na kila baada ya miezi mitatu undeni akaunti moja ya majaribio na kundi moja, subirini nakala ya usiku ipite, mvifute moja kwa moja hata kwenye orodha ya waliofutwa, kisha mvijenge upya kwa kutumia faili peke yake huku saa ikihesabu. Muda mtakaoupata uandikeni kwenye karatasi mubandike ukutani kwenye chumba cha seva.