Kileo katika damu ya aliyejiua kinasema nini?

SWALI: Daktari, kaka yangu alijiua miezi michache iliyopita. Ripoti ya uchunguzi wa maiti inasema damu yake ilikuwa na kileo cha miligramu 180 kwa kila mililita 100. Tangu ripoti hiyo isomwe, ukoo umegawanyika: baadhi ya wajomba wanasema ni pombe iliyomuua wala hakujua alitendalo, wengine wanasema alikunywa makusudi ili apate ujasiri. Je, kipimo hicho kinaweza kutuambia nani mkweli? Nauliza pia kwa sababu mdogo wetu, tangu mazishi, analewa karibu kila siku.
Msomaji aliyeomba jina lake lihifadhiwe

JIBU: Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Kipimo hicho, kama sampuli ilichotwa ipasavyo, kinathibitisha jambo moja tu, kwamba kaka yako alikuwa amekunywa kabla ya kufariki. Hakithibitishi alikunywa kwa nia gani, na daktari anayedai kusoma nia ya marehemu katika namba ya maabara anavuka mpaka wa taaluma yake. Sisi wachunguzi wa vifo hutenganisha chanzo cha kifo, yaani jeraha, sumu au ugonjwa uliokatisha uhai, na namna ya kifo, yaani kama ni maradhi, ajali, kujiua au kuuawa. Ikiwa pombe haikuandikwa katika sehemu ya chanzo, basi kauli kwamba "pombe ndiyo iliyomuua" ni tafsiri ya wajomba, si ya mchunguzi.

Hata namba yenyewe inataka kusomwa kwa uangalifu. Baada ya kifo, kileo kilichobaki tumboni huweza kupenya hadi kwenye damu iliyo karibu na moyo, na maiti inapoanza kuharibika bakteria huweza kutengeneza kileo kutokana na sukari ya mwilini. Ndiyo maana damu huchotwa kwenye mshipa wa paja, ulio mbali na tumbo, ikatiwa kwenye kichupa chenye floraidi ya kuwazuia bakteria hao, na inapowezekana majimaji ya ndani ya jicho na mkojo hupimwa pia. Jicho limefungika na bakteria huchelewa kulifikia, hivyo kileo kikionekana kwenye damu na kukosekana kwenye jicho na mkojo, tunashuku kwamba kimezaliwa baada ya kifo. Mwulize daktari aliyesaini ripoti sampuli ilichotwa wapi na baada ya muda gani. Ni swali la kawaida na hatalichukia.

Tukichukulia kwamba 180 ni sahihi, ni kiwango kikubwa, zaidi ya mara mbili ya 80 ambayo ndiyo kikomo cha dereva katika nchi kadhaa. Lakini asiyezoea pombe huyumba akiwa na kiwango hicho, ilhali mnywaji wa miaka mingi huweza kuzungumza na kutembea bila mtu kumshuku, kwa hiyo namba peke yake haisemi alikuwa amelewa kiasi gani.

Wajomba wa pande zote mbili wameshika kipande cha ukweli. Kileo hulegeza uwezo wa mtu kujizuia na hufinya fikra zake mpaka akaona maumivu ya saa ile tu, asiione kesho wala watu wanaompenda. Wazo ambalo kwa miezi lilikuwa likija na kuondoka huweza kugeuka kitendo kwa dakika chache; hilo halina maana kwamba wazo lilitoka kwenye chupa. Wengi wanaojiua hukutwa bila kileo chochote katika damu, na hata hapo pombe huenda imo katika kisa, kwa kuwa miaka ya kunywa huleta sonona, ugomvi wa nyumbani na kupoteza kazi. Mwaka 1985 Muungano wa Kisovieti ulipobana uuzaji wa pombe, vifo vya kujiua vilipungua sana, hasa kwa wanaume, na vizuizi vilipolegea vikapanda tena. Kwa hiyo siwezi kuiita pombe mpita njia. Kwa mtu mmoja, hata hivyo, jibu hutafutwa kwa kuwahoji waliomjua, kusoma rekodi zake za hospitali na ujumbe wake wa siku za mwisho, wala si kwa damu peke yake.

Sasa mdogo wenu, na kwa ajili yake ningeomba ukoo uweke mjadala huu kando. Aliyefiwa na ndugu kwa kujiua yumo hatarini kuliko watu wengine, na kulewa kila siku kunaiongeza hatari hiyo. Mwulize waziwazi, akiwa hajanywa, kama amewahi kufikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akitamka akiwa amelewa kwamba anataka kufa, msimwache peke yake, ondoeni nyumbani chochote anachoweza kujidhuru nacho, na mpelekeni hospitali saa ileile badala ya kusubiri pombe imtoke ili muone kama alimaanisha. Wala msimwachishe pombe ghafla kwa kumfungia ndani, kwani mnywaji wa kila siku akikatishwa kwa siku moja huweza kupata degedege na kuchanganyikiwa kwa namna inayoweza kumuua. Aache akiwa chini ya uangalizi wa daktari, na mmoja wenu aende naye kliniki.