Dumu la thina limeandikwa "inflammable", ina maana haliwaki?

SWALI: Habari mtaalamu. Mi ni seremala, nina karakana Keko, Dar. Thina niliyokuwa natumia dumu lake limeandikwa "highly flammable". Juzi nimeletewa mengine yameandikwa "inflammable", muuzaji kasema hii ni aina mpya haishiki moto ndo maana bei imechangamka kidogo. Kijana wangu wa form two naye kasema in ikikaa mbele inakuwa kinyume, kama correct na incorrect. Sasa naweza kuyapanga ndani, upande wa fundi wa kuchomelea? Nje yananimalizia nafasi.

JIBU: Ndugu yangu, kabla hujamaliza kusoma nenda kayatoe hayo madumu hapo kwa fundi, mengine tutaongea ukirudi.

Umeyatoa? Haya. Flammable na inflammable ni kitu kilekile, zote zinasema hiki kinashika moto kirahisi, hakuna iliyo na nafuu. Kisichoshika moto kwa Kiingereza ni non-flammable, na thina ya kupigia vanishi ya namna hiyo sijawahi kuiona dukani.

Kijana wako simlaumu, hili swali naulizwa kila nikienda kufundisha usalama kazini, na wanaouliza wengine ni mainjinia. Kilatini kina in- mbili zinazofanana sura tu. Kuna ya kukanusha, ndo hiyo ya incorrect, halafu kuna ya kuingiza au kutia, na inflammable imetokea kwa hii ya pili, inflammare, yaani kutia moto. Daktari akikwambia una inflammation si anamaanisha pamevimba panawaka moto, au hujawahi kuumwa jino? Na inflammable ndo kongwe, flammable imekuja kushika baadae, huko Marekani chama chao cha kinga ya moto, NFPA, kwenye miaka ya 1920 kilikuwa kinasukuma watu waandike flammable kwa sababu hiyohiyo iliyomchanganya kijana wako. Ila lile la zamani halijafa, na mzigo ulioandikwa Kifaransa ndo kabisa, wao wanalo hilohilo inflammable, kisichowaka wanaita ininflammable, in mbili mfululizo, sasa hapo kanuni ya kijana itabidi ipumzike.

Wanaoniudhi ni hawa wa "jua Kiingereza kwa mwezi mmoja", wanauza kanuni ya mstari mmoja, weka in mbele umepata kinyume, mtu anaibeba mpaka stoo ya kemikali. Kwa kanuni hiyo invaluable ingekuwa kitu kisicho na thamani, kumbe ni chenye thamani isiyopimika. Ukikosea hiyo kwenye barua utachekwa tu, lakini ukikosea hii nyingine karibu na grainda inatema cheche hakuna wa kukucheka.

Na huyo muuzaji, jamani. Ama hajui anachouza ama anajua na kakuongezea bei juu ya herufi mbili. Rudi umuombe karatasi ya usalama ya hiyo bidhaa, wenyewe wanaiita SDS, aliyeitengeneza anatakiwa awe nayo, uangalie flash point, ni joto ambalo kimiminika kinaanza kutoa mvuke wa kutosha kudaka moto. Toluini, ambayo iko kwenye thina nyingi, yake ni kama nyuzi 4 za selsiasi, asetoni iko chini ya sifuri kabisa. Keko hata Julai alfajiri haifiki huko, kwa hiyo dumu lako likifunguliwa saa yoyote ya mwaka liko tayari. Akianza kukwambia karatasi hana, ooh wateja wote wanaipenda, we ondoka.

Halafu watu wanadhani kinachowaka ni yale maji ya thina. Ni mvuke, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hauendi juu kama moshi, unashuka chini unatambaa kwenye sakafu, unapita chini ya mlango mpaka ukutane na cheche, ndo moto unarudi nao mpaka kwenye dumu. Kwa hiyo "nimeweka mbali kidogo, mita tatu hivi" sio mbali. Msamvu pale Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu walikuwa wanachota petroli ya lori lililopinduka, wakafa zaidi ya 100, na hakuna mtu mzima pale asiyejua petroli inawaka, tatizo mtu anauangalia mwali uko wapi wakati mvuke ushamzunguka miguuni.

Ndo maana nawaambia mafundi hilo neno kama linakuchanganya achana nalo, tafuta mchoro. Kwenye dumu ni pembe nne iliyosimama kwa ncha, mistari myekundu, ndani mwali mweusi. Lori la mafuta linabeba kibao cha rangi ya chungwa chenye namba, juu 33 chini 1203, hiyo ni petroli, 33 ni kimiminika kinachoshika moto haraka sana. Hizo namba hazina in wala non.

Thina uliyohamishia kwenye chupa za maji ya kunywa haina mchoro wala neno, na najua unazo maana kila karakana ninayoingia zipo. Hizo nazo zitoe leo, zirudi kwenye dumu lake na kifuniko kikazwe.