Kura ya Maoni: Nimwamini Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, kura ya maoni imekaribia nami bado sijaamua. Nikisikiliza upande wa Ndiyo naona una hoja, kisha upande wa Hapana unapanda jukwaani na kunirudisha nilikotoka. Baya zaidi, siwaamini wote wawili. Je, nikikaa nyumbani siku hiyo nitakuwa nimekosea?
Msomaji aliye njia panda

JIBU: Ndugu msomaji, mashaka yako yana msingi. Uingereza ilipopiga kura tarehe 23 Juni 2016 kuamua kama ibaki katika Umoja wa Ulaya, kampeni ya kujitoa ilizungusha basi jekundu lililoandikwa ubavuni kwamba nchi hiyo hupeleka kwa Umoja huo paundi milioni 350 kila wiki. Hicho kilikuwa kiasi cha kabla ya kutoa punguzo ambalo Uingereza ilikuwa ikipewa tangu miaka ya 1980, yaani fedha ambazo hazikuwa zikitoka kabisa katika hazina yake. Mamlaka ya Takwimu ya nchi hiyo ilitamka kwamba tarakimu hiyo inapotosha, na basi likaendelea na safari zake. Upande wa pili nao ulitia chumvi: Wizara ya Fedha, iliyokuwa chini ya waziri aliyepigia debe kubaki, ilitabiri kwamba kura ya kujitoa ingeleta mara moja mdororo wa uchumi wa mwaka mzima, na mdororo huo haukuja.

Hata hivyo, madai hayo mawili si ya aina moja. La kwanza lingeweza kuhakikiwa siku ileile kwa kufungua vitabu vya hesabu, ilhali la pili lilikuwa bashiri tu. Kwa hiyo, kila unapotajiwa tarakimu, uliza kwanza kama ni kitu kilichopimwa au kilichokisiwa, na kama ni jumla au ni kinachobaki baada ya makato. Utashangaa ni wasemaji wangapi watakaobadilisha mada.

Tena, wanasiasa hao hawamo kwenye karatasi ya kura. Katika uchaguzi mkuu ni haki kumpima mtu, lakini hapa unaulizwa swali moja, na mwongo anaweza kutetea jambo jema kama vile mkweli anavyoweza kutetea baya. Pata maandishi yenyewe yanayopigiwa kura, usome ibara zinazokugusa, kisha ujiulize ni nini kitabadilika, na kama mkijuta mtaweza kurudi nyuma. Mimi binafsi humdai ushahidi mzito zaidi anayependekeza jambo lisilorudishika. Lakini siikubali kaulimbiu iliyosikika Ireland mwaka 2008 kuhusu Mkataba wa Lisbon, uliobadili namna Umoja wa Ulaya unavyoendeshwa, kwamba asiyejua apige Hapana, kwa maana inamsifu mtu kwa kutosoma. Mkataba huo ulikataliwa mwaka huo, ukapigiwa kura tena na kukubaliwa mwaka 2009.

Kuhusu kukaa nyumbani, jibu hutegemea sheria. Uingereza mwaka 2016 haikuweka kiwango cha chini cha wapigakura, hivyo asiyejitokeza aliwaachia wengine uamuzi. Italia, kura ya kufuta sheria haihesabiki mpaka zaidi ya nusu ya wenye haki ya kupiga kura wajitokeze, kwa hiyo anayebaki kitandani huko huusaidia upande wa Hapana, ilhali anayetumbukiza karatasi tupu huhesabiwa kuwa amefika. Ulizia kanuni ya kwenu kabla hujaamua kutokwenda.