Bendi za Uingereza ninazozipiga kwa santuri, na kwa nini bado nabeba makasha

Mkuu, umeuliza mambo mawili: anayeanza kununua santuri aanze na bendi zipi za Uingereza, na kuna faida gani kubeba makasha ya sahani wakati laptop moja inatosha. Nitayajibu kwa pamoja, maana bendi ninazozipenda zaidi ni zile ambazo sahani zao zinaipa mikono yangu kazi.

Naishi Birmingham na wikiendi napiga muziki kwenye baa ndogo na sherehe za watu, kwa hiyo naanza na wa hapa hapa, bendi ya rege ya UB40. Huko nyumbani wengi tunawajua kwa Red Red Wine ya 1983. Wewe rudi nyuma kidogo utafute albamu yao ya kwanza, Signing Off ya 1980. Jina la bendi lilitokana na fomu ya serikali ya watu wasio na ajira, na jalada la albamu lina picha ya fomu hiyo hiyo. Waliirekodi kwenye chumba alichokuwa akiishi prodyuza wao, Bob Lamb. Ala za kugonga walizipigia bustanini, ndiyo maana kwenye baadhi ya nyimbo, ukiweka hedifoni na kutulia, unasikia ndege wakilia nyuma ya mdundo. Mimi kila nikiwasikia nafurahi upya. Ndani ya jalada walitia na sahani ya ziada yenye Madam Medusa, wimbo wa zaidi ya dakika 12 wa kumchana Margaret Thatcher, waziri mkuu wa wakati ule. Kwa DJ wa santuri wimbo kama huo ni zawadi: unapata muda wa kuwatazama watu usoni na kupekua kasha bila haraka. Ukiikuta dukani imetumika, fungua jalada uhakikishe sahani ya ziada imo, kwa sababu mara nyingi inakuwa imeshatengana na mwenzake.

Hapa hapa Birmingham kuna Steel Pulse na Handsworth Revolution ya 1978. Hiyo nunua tu, haihitaji maelezo.

Sasa twende Manchester. Ian Curtis wa Joy Division alipofariki Mei 1980, waliobaki waliendelea kwa jina la New Order, na 1983 wakatoa Blue Monday kwenye sahani ya inchi 12. Jalada lake, kazi ya Peter Saville, limekatwa matundu lifanane na diski ya kompyuta ya enzi zile. Halina jina la bendi wala la wimbo. Kuna vibande vya rangi pembeni tu, na ufunguo wa kuvisoma uko nyuma ya jalada la albamu yao Power, Corruption & Lies. Lakini sababu ya kukutajia ni nyingine. Wimbo unaanza na dramu ya mguu peke yake, imepigwa na mashine, karibu mapigo 130 kwa dakika, na haiyumbi hadi mwisho. Kwa anayejifunza kuunganisha nyimbo hakuna mwalimu mpole kuliko huyo.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Sikio moja liko kwenye hedifoni, jingine linasikiliza ukumbi. Unaweka sindano, unaishika sahani kwa ncha za vidole huku mashine ikizunguka chini yake, unaivuta mbele na nyuma taratibu mpaka pigo la kwanza lije chini ya sindano. Unahesabu mapigo manne ya wimbo unaopigwa ukumbini, likirudi la kwanza unaachia. Kisha unasikiliza: mpya inatangulia au inachelewa? Unasogeza kitelezi cha kasi kidogo tu. Ukiongeza kasi, sauti nayo inakuwa nyembamba, kwa hiyo mwimbaji ndiye atakayekwambia umefika mwisho wa heshima. Mapigo yakikutana unayasikia kifuani kabla ya masikioni.

Halafu jaribu hivyo hivyo na mpiga dramu wa kweli. Hapo ndipo nawapenda Cymande, vijana wenye asili ya Guyana, Jamaica na visiwa jirani, waliounda bendi London mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wimbo wao Bra una sehemu ambapo sauti zinaondoka, zinabaki besi na ngoma. Binadamu akipiga, anakaza na kulegeza mwendo kufuatana na anavyojisikia, kwa hiyo huwezi kuachia na kwenda kunywa soda. Unabaki na kidole pembeni ya sahani, unaigusa hapa, unaisukuma pale, unamfuata mtu aliyepiga dramu zaidi ya miaka 50 iliyopita. Nikiwa na nakala mbili za Bra narefusha sehemu ile: hii ikiisha, ile inaanza, namna walivyofanya DJ wa Bronx, New York, enzi hip hop inazaliwa. De La Soul, kundi la hip hop la Marekani, nao walichukua kipande chake kwenye albamu yao ya 1989. Kwao Uingereza, Cymande walivunjika katikati ya miaka ya 1970 bila kupewa haki yao, na hilo linaniuma mpaka leo.

Najua kuna mdau atauliza mbona Freddie Mercury wa Queen, mzaliwa wa Unguja, sijamtaja. Yumo kashani! Another One Bites the Dust ya 1980 ni besi ya John Deacon mwanzo mwisho, na inaungana na Good Times ya Chic utadhani zimerekodiwa chumba kimoja. Grandmaster Flash, DJ wa hip hop wa New York, alishalionyesha hilo kwenye santuri yake ya 1981.

Massive Attack wa Bristol wenyewe walitokana na kundi la sound system (watu wanaopiga santuri kwenye sherehe kwa spika zao kubwa), Wild Bunch, kwa hiyo Blue Lines ya 1991 imetengenezwa na watu waliojua sindano inataka nini. Unfinished Sympathy naipiga usiku ukiwa umekwenda, na siiunganishi na kitu. Naacha wa kwanza uishe, kimya kidogo, halafu hiyo.

Kuhusu mashine: tafuta yenye mota inayozungusha moja kwa moja, kama Technics SL-1200, si ya mkanda. Ya mkanda ukiishika sahani inapoteza mwendo na kuchelewa kuurudia. Na ukiwa dukani, inamishe sahani kwenye mwanga kabla hujalipa. Mifereji unaweza kuisoma kwa macho: palipo na kelele panang'aa na kukwaruza jicho, palipo tulivu panakuwa peusi na laini. Mimi kwa njia hiyo najua mdundo mtupu uko wapi hata kwenye santuri nisiyoijua, na sindano naishusha pale pale. Mikwaruzo myepesi isikutishe. Ule unaoingia ukucha uache, utarusha sindano.

Ukipata Signing Off yenye sahani zote mbili, weka picha hapa tuione.